Chai ya Saa Tisa na Nusu

Kila Alhamisi saa nane mchana idara yetu ilikuwa na semina. Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa maabara: jina la msemaji, mada, namba ya chumba, na chini kabisa, kwa wino uliokolezwa, maneno mawili: "chai itakuwepo". Aliyekuwa akiliandika alitujua vizuri. Tulikuwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, wengi wetu tukiishi kwa boom, na ilipofika katikati ya muhula boom lilikuwa limebaki jina tu.

Chuo chenyewe sitakitaja. Nimesikia simulizi kama hii kutoka kwa watu waliosoma kwingine, kwa hiyo msomaji anaweza kuweka jina analolijua.

Semina ilikwenda hivi. Msemaji, mara nyingi mwalimu wetu aliyerudi karibuni na shahada ya uzamivu, mara chache mgeni wa Ulaya aliyekuwa akipita, alizungumza kwa Kiingereza dakika arobaini. Slaidi zilikuwa nyingi kuliko dakika. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna maswali, na ukumbi mzima ukainamia madaftari kana kwamba tumedondosha sindano. Waliouliza walikuwa watatu, wale wale kila wiki. Mmoja wao swali lake lilianza kwa shukrani, likapita kwenye historia, na lilipofika kwenye alama ya kuuliza msemaji alikuwa ameshakaa.

Saa tisa na nusu tulitoka nje. Chini ya mwarobaini palikuwa na meza, birika mbili kubwa za chai ya maziwa, sinia la sambusa na bakuli la karanga. Hapo ndipo semina ilipoanza. Watu waliokuwa mabubu dakika tano nyuma walikuwa wakikatizana. "Sasa ile algoridhimu yake, ukiipa data ya mwezi mzima si itakwama?" "Itakwamaje, wakati anapanga kwanza?" "Anapanga kwa gharama gani?" Mtu alichora kwa kijiti kwenye mchanga. Mwingine alifuta kwa kiatu akachora upya. Mgeni wa Ulaya alisimama kando na kikombe chake, anatabasamu, hajui kwamba kazi yake ya miaka mitatu inafunguliwa boliti moja moja hatua nne kutoka alipo.

Siamini kwamba tatizo lilikuwa Kiingereza peke yake. Tulikisoma Kiingereza, tulikiandika, mitihani tuliifaulu nacho. Lakini kuuliza swali zuri ni kufikiri kwa sauti kabla hujajua unakwenda wapi, na kwa lugha uliyoikuta sekondari ni vigumu kuanza sentensi ambayo hujui mwisho wake. Unaogopa kuishia katikati. Kwa Kiswahili ukiishia katikati mwenzako anaimalizia.

Aliyekuwa hodari kuliko wote pale chini ya mwarobaini alikuwa binti wa Korogwe. Alikuwa mpole na hakupenda makundi, lakini akishika kikombe alikuwa mtu mwingine. Siku moja msemaji alituonyesha programu ya simu inayotambua maradhi ya muhogo kwa kupiga picha jani. Alitaja asilimia ya usahihi, tukapiga makofi. Nje, binti wa Korogwe akauliza: picha alizofundishia mashine zilipigwa na nani, kwa simu gani, saa ngapi ya siku? Mama yake analima muhogo, alisema, na simu yake ina kioo cha kamera kilichokwaruzika kama sufuria. Akipiga picha saa sita jua likiwa utosini, mashine itaona jani au itaona mwanga?

Baadaye nilikuja kujua kwamba lile lilikuwa swali lenyewe. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walifanya kazi ya majani ya muhogo kwa miaka, na mwaka 2020 mkusanyiko wao wa picha 21,367 ulitolewa kwa mashindano ya dunia. Nyingi ya picha hizo zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani, kisha zikapewa majina na wataalamu wa mimea. Simu za watu wa kawaida, jua la kawaida, majani yaliyoliwa na wadudu pembeni. Kuna mtu huko aliyejiuliza jambo lile lile.

Kwetu, wiki mbili baada ya ile chai, palikuwa na mkutano wa kuchagua msaidizi wa utafiti. Mwanafunzi mmoja, wa wale watatu, akainua mkono akauliza kwa Kiingereza kilichonyooka: picha zilipigwa na nani, kwa simu gani? Profesa alifurahi mno. Nafasi ikawa yake, na pamoja nayo barua ya mapendekezo iliyompeleka mbali. Binti wa Korogwe alikuwa nyuma yangu safu moja. Nilipogeuka alikuwa anacheka. "Nimepika mimi," alisema, "kapakua yeye." Hakuja tena kwenye chai. Siku hizi anafanya kazi benki, na kila tukizungumza naona akili ile ile ikitumika kutafuta hela zilizopotea kwenye mahesabu ya watu.

Muhula uliofuata chai ikafutwa. Kubana matumizi, tuliambiwa. Semina haikufutwa, na hilo lilielezwa kwa msisitizo, kwa kuwa semina ndiyo taaluma na chai ni chai tu. Wiki ya kwanza tulikuwa thelathini na kitu. Wiki ya nne tulikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yetu walikuwa wamekosea chumba. Kufikia mwisho wa muhula tangazo lilibaki mlangoni na tarehe ya zamani, mpaka mtu akalitumia karatasi yake kufungia karanga.

Wanaodhani vinywaji ni pambo wangesoma historia ya fani hii. Mwaka 1991, katika Maabara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, watafiti walichoka kupanda ngazi na kukuta birika la kahawa tupu. Wakalielekezea kamera, wakaandika programu ndogo ya kuonyesha picha ya birika kwenye kompyuta zao. Mwaka 1993 wakaiunganisha na wavuti, na watu wa mabara mengine wakawa wanachungulia kahawa ambayo hawataionja. Kamera ilizimwa mwaka 2001 na birika likauzwa kwa mnada kwa zaidi ya pauni elfu tatu, ingawa lilikuwa halifanyi kazi. Hiyo inahesabiwa kuwa kamera ya kwanza ya wavuti duniani, na ilitokana na kiu.

Makorora hatuhitaji kamera. Muuza kahawa anapita na dele lake la moto huku akigonganisha vikombe mkononi, na ukisikia mlio unajua kahawa ipo, iko umbali gani na inaelekea wapi.

Nilirudi Tanga baada ya kumaliza chuo, kusubiri ajira kama tunavyosubiri wote. Karibu na nyumbani kuna kijiwe cha kahawa: mabenchi mawili, kashata, na ubao wa bao ambao mashimo yake yamelainika kwa vidole vya watu waliokwisha kufa. Baada ya swala ya alasiri wazee hukaa hapo. Siku za kwanza niliamkia na kupita. Halafu mzee mmoja akaniita.

"Njoo ukae, mwanangu. Miaka yote hiyo huko chuoni mlikuwa mkikaa mkizungumza nini?"

Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mahali pagumu. Nikamwambia: mwaka 1936, kabla kompyuta za leo hazijaundwa, kijana wa Kiingereza aitwaye Alan Turing alithibitisha kwamba kuna kazi ambayo mashine haitaiweza hata ipewe muda wote wa dunia.

"Kazi gani hiyo?"

"Kupewa programu yoyote ile na kusema kwa uhakika kama itafika mwisho au itazunguka milele."

Mzee akatazama bao. Wengine nao wakatazama bao. Asiyejua mchezo huu aelewe kwamba kete zako zikiishia kwenye shimo lenye kete, unazizoa na kuendelea. Zikiishia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako. "Ipo mitembezo hailali," alisema mzee. Ubishi ukaanza. Mmoja alisema mtembezo usiolala unaharibu mchezo, muanze upya. Mwingine akasema hapana, anayetembeza ndiye aliyeshindwa, kwa kuwa hakuhesabu kabla ya kunyanyua. Wa tatu akasema katika maisha yake hajauona, ila kaka yake aliwahi kuuona Pangani. Kahawa iliongezwa.

Walipotulia nikajaribu. Bao lina kete 64 na mashimo 32, nikasema. Namna za kuzipanga ni nyingi kupita kuhesabika kwa vidole, lakini zina ukomo. Kwa hiyo mtembezo usipolala, iko siku mpangilio uliokwisha kupita utarudi vile vile, kete vile vile, mkono ukiwa juu ya shimo lile lile. Ukirudi, yote yatajirudia. Mwenye kumbukumbu kamili anaweza kusema hapo hapo: huu haulali. Lakini mashine ya Turing ina utepe usio na mwisho, kwa hiyo mpangilio si lazima urudi, na hila hiyo inatushinda.

"Basi labda iko hila nyingine," alisema mzee.

Nikamwambia haipo. Tuseme yuko hakimu anayejua kila programu kama itakoma au haitakoma. Mimi natengeneza programu inayomuuliza hakimu habari zake yenyewe, kisha inafanya kinyume cha alichosema. Akisema itakoma, inazunguka. Akisema itazunguka, inakoma. Hakimu kesha aibika.

"Kama mtu mbishi," mzee akasema. "Ukimtabiria atakaa, anaondoka."

"Ndiyo, mzee."

Alikunywa funda, akafikiri. "Sasa huyo hakimu, tusimpe dunia nzima. Tumpe bao tu. Ataweza?"

Nilikaa kwenye semina nyingi, na sikumbuki kusikia swali lililonifurahisha kama hilo. Ni swali ambalo watu wa fani hii wanalifanyia kazi kila siku: kama hatuwezi kuhukumu programu zote, ni zipi tunazoweza? Nilimjibu kwamba kwa bao ataweza. Akatikisa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji sahihi, akaanza kupanga kete.

Katika mazungumzo yale yote nilikwama kwenye maneno mara chache kuliko nilivyotarajia. Maneno tunayo, na hayakushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2004 idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia mahesabu iliyokuwa ya Kiswahili tangu menyu hadi maonyo. Mradi wenyewe uliitwa Kilinux. Ili kuutimiza ilibidi watu wakae wakubaliane hiki kiitwe faili, kile kiitwe nini. Naiona kama semina ambayo hakuna aliyeruhusiwa kunyamaza. Siku hizi kuna Masakhane, mtandao wa watafiti wa Kiafrika wanaozifundisha mashine lugha zetu, na jina lao ni la Kizulu, maana yake tujenge pamoja.

Ila kijiwe kina kasoro yake, na haikunichukua muda kuambiwa. Aliyeniambia ni shangazi. Alikuwa amesikia vicheko kutoka uani.

"Mnazungumza elimu huko nje. Na sie tuliomo ndani?"

Nikasema anayetaka aje. Akanitazama kwa namna ambayo haikuhitaji maneno. Msichana wa Makorora haendi kukaa kijiweni na wazee kunywa kahawa, na mimi nalijua hilo tangu nilipoanza kutambaa. Tukaamua Jumamosi, saa kumi, uani kwa shangazi. Nilipendekeza tuanze na ubao na chaki, mambo ya chai yaje baadaye tukiona watu wanakuja. Shangazi alikataa katakata. Maneno makavu, alisema, yanakwama kooni. Kila anayekuja anatoa shilingi mia tano akiwa nayo, na asiyekuwa nayo anakuja na kikombe chake. Yeye anakaanga kachori.

Mara ya kwanza walikuja wasichana saba wa sekondari, na mama wawili waliosema wamekuja kumenya muhogo tu. Nilileta kamusi nene, nikamwambia mmoja atafute neno "nanga", na wenzake wahesabu amefungua mara ngapi. Alifungua katikati, akarudi nyuma, akaenda mbele, akalipata mara ya sita. Tukazungumza kwa nini hakuanza ukurasa wa kwanza. Mmoja wa wale mama, kisu mkononi, akauliza: na kama kamusi hiyo haikupangwa? Ikabidi Jumamosi iliyofuata iwe ya kupanga. Tulitumia karata, shangazi akanuna kidogo kwa sababu ya karata, halafu akawa wa kwanza kuona kwamba namna yangu ya kupanga ilikuwa inapoteza muda.

Sasa tumefika Jumamosi ya tisa. Wiki ijayo sitazungumza mimi. Atazungumza binti wa kidato cha nne, mada aliyoichagua mwenyewe: kwa nini kifurushi cha intaneti huisha haraka hata usipoigusa simu. Amekaa na simu ya mama yake siku nne akiandika kwenye daftari kila programu inakula kiasi gani. Jana alikuja kuomba ruhusa azungumze kwa Kiingereza, maana mwakani Mungu akipenda atakwenda kidato cha tano, halafu chuo, na anataka azoee.

Sikujua nimjibu nini. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Akasema hewala, Kiingereza na aseme, ila maswali yataulizwa kwa Kiswahili, na majibu yake vilevile, na kachori hazitatoka jikoni mpaka yaulizwe.