Tangawizi ya sukari: kitu kidogo cha nyumbani kwetu Kibati

Walipotuomba kuandika juu ya desturi, tulifikiri kwanza mambo makubwa: mahari, kilio, kumupa mtoto jina. Kisha tukaona kwamba wengine watayaeleza vizuri kutupita. Sisi tumechagua kitu kinachoingia ndani ya chupa ya mayoneze: vipande vya tangawizi vilivyopikwa ndani ya sukari mpaka vikauke.

Mwenzetu mmoja kwenye shule, tulipomwambia, alicheka. Alisema: «Mwalimu, ile ni kitu ya bazungu. Desturi iko wapi pale?» Neno lake lina ukweli. Tangawizi asili yake ni Asia. Wachina waliipika katika sukari tangu zamani na kuituma Ulaya ndani ya vyungu, na wakoloni waliokuwa na mashamba huku Kivu waliila pamoja na chai yao. Koko yetu, mama ya mama, aliijulia kwenye jiko la bibi mmoja mzungu alikokuwa akifanya kazi. Lakini tunauliza: lugha hii tunayoiandika ilitoka wapi? Ilitufikia pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na leo hakuna mtu Goma anayesema kwamba Kiswahili si chetu.

Tena koko hakuleta kitu kile nyumbani jinsi kilivyokuwa. Yule bibi alichemsha tangawizi mara mbili au tatu, na kila mara alimwaga maji ili ukali upungue. Hapa Kibati tunaishi juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanapotea ndani ya mawe. Hatuna mto, tunakinga maji ya mabati ao tunanunua kwa bidoni. Kwa hiyo koko alichemsha mara moja tu, na alikataza kumwaga. «Ile maji habaitupake, njo dawa», alikuwa akisema. Yalikuwa ya mama aliyetoka kuzaa na ya mzee mwenye kukohoa. Vipande vyetu ni vikali kwa sababu hiyo, na sisi tunavipenda vile.

Mama yetu alirithi kazi ile. Alikuwa akisubiri siku ya maharagwe: maharagwe yakiiva, anaondoa sufuria, na moto uliobaki kwenye babula unapika tangawizi, sababu makala ni bei. Sisi tuliosoma kidogo mambo ya sayansi tulimweleza kwamba Kibati iko karibu na meta 1.900 juu ya bahari, na maji huku yanachemka karibu na digrii 94, siyo 100, ndiyo maana vitu vinakawia kuiva. Alitusikiliza vizuri, kisha akajibu: «Njo kwa sababu ile banakatakataka nyembamba.» Alikuwa amelijua jibu mbele yetu.

Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho, jioni, Nyiragongo ililipuka. Anga ilikuwa nyekundu. Moto ulikata barabara ya kwenda Goma, na sisi tukakimbilia upande wa Kibumba, kwa miguu, pamoja na watoto. Tulipofika mbali tulimwuliza mama kama amechukua bahasha iliyokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa diploma yetu ya ISP na karatasi zote za kazi. Hakuichukua. Chini ya kitenge chake alikuwa amebeba chupa ya tangawizi.

Tulikasirika sana. Tulimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Miaka ya masomo, na yeye anaokoa bonboni! Hakupandisha sauti. «Karatasi banaweza kukuandikia ingine», alisema. «Ku njia kuko baridi, na batoto batakohola.» Usiku ule alitoa kipande kimoja kwa kila mtoto, na siyo wa kwetu tu. Mtoto akikohoa pembeni yetu, mama anauliza ni wa nani, anafungua chupa. Asubuhi ilikuwa tupu. Tuliporudi siku zilizofuata, tulikuta lava imepita upande mwingine. Nyumba ilikuwa imesimama, na bahasha mahali pake. Hatukumwomba mama msamaha siku ile, tukafikiri muda upo.

Mama alifariki mwaka 2024. Hakuacha kipimo chochote kilichoandikwa. Mara nyingi tulikuwa tumeomba kupima sukari yake kwa mizani, naye alikataa: «Mizani iko mu mukono.» Sisi, tunaoandika masomo ubaoni kila siku, hatukuandika lile somo la nyumbani mwetu.

Mwaka 2025, mabenki ya Goma yalipofungwa na mshahara wa mwalimu ukawa shida kuupata, tuliamua kukaanga mandazi ya kuuza, na kuweka ndani tangawizi ya mama. Mara ya kwanza ilibaki asali tu, haikukauka. Mara ya pili tuliiunguza. Mara ya tatu ilikauka, na binti yetu alipoonja alisema: «Njo ile ya koko.» Tuliweka sufuria chini, tukakaa kidogo bila kusema kitu.

Basi tunaandika hapa, ili mtu mwingine asipoteze sukari yake. Chukua tangawizi ambayo haijazeeka, sababu iliyozeeka iko na nyuzi. Iparue ganda na kijiko, uikate nyembamba sana. Uifunike na maji, uichemshe polepole karibu saa moja, mpaka kisu kiingie bila nguvu. Weka maji pembeni. Sasa pima: kilo moja ya vipande, kilo moja ya sukari, na glasi moja ya maji yale yale. Rudisha juu ya moto mdogo. Mapovu yakianza kuwa mazito, usiondoke, koroga tu. Sukari itakuwa nyeupe na kukauka kwa ghafula. Hapo toa upesi, tandaza juu ya sahani kubwa, acha usiku mzima. Ikikataa kukauka, haikupikwa ya kutosha; irudishe. Majira ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, inakauka vizuri zaidi. Chupa ifungwe sana, sababu sukari inavuta unyevu.

Matumizi ni mengi. Katakata vipande vidogo, uchanganye na unga wa mandazi mbele ya kukaanga: kiganja kimoja kwa kilo ya unga kinatosha. Kwa keki, sisi hatuna furu: tunaweka changarawe kavu ya volkano chini ya sufuria kubwa, tunatia ndani sahani ya keki, tunafunika na kupanga makala juu ya kifuniko. Vipande tunavigeuza kwanza ndani ya unga mukavu, visizame chini. Sukari inayobaki kwenye sahani inaingia ndani ya uji wa watoto. Kipande kimoja ndani ya kikombe cha chai kinaondoa haja ya sukari nyingine, na ndizi mbivu zilizokaangwa zinakipenda pia. Mwenye ugonjwa wa sukari asidanganyike na jina la dawa: huyo anywe maji ya tangawizi tu, bila vipande.

Mwenzetu yule wa shule sasa ananunua mandazi mbili kila asubuhi. Hajabadilisha wazo lake juu ya bazungu, na sisi hatumulazimishi. Tunawaomba tu, ninyi mulio na wazazi wangali wazima: kaeni karibu na babula siku moja na kalamu na mizani. Na kama kuna neno mulilowaambia vibaya njiani, mulirudishe mapema.