Tukijenga madarasa, nani atakaa ndani?

Msomaji mpendwa, ikiwa umewahi kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule ya upili ya kutwa, basi unajua jinsi mikono inavyoinuliwa haraka saa ya chakula inapokaribia. Mimi niliuinua wangu Jumamosi moja mwaka wa 2025, katika shule moja upande wa Kawangware, na mpaka leo mkono huo unaniuma.

Tulipitisha mambo mawili. La kwanza, tungejenga jengo la ghorofa lenye madarasa manane na ukumbi, kujiandaa kupokea Gredi ya 10 ambayo ingeanza Januari 2026. Kila mzazi angetoa mchango wake kabla ya katikati ya muhula. La pili, kwa kuwa walimu walilalamika sana kuhusu utoro, lango lingefungwa saa moja kamili asubuhi, na mwanafunzi ambaye angekosa zaidi ya robo ya siku za muhula asingefanya mtihani. Tukapiga makofi, tukanywa soda, tukaenda zetu. Hakuna aliyeona kwamba azimio la kwanza lingewasukuma watoto moja kwa moja kwenye mtego wa azimio la pili.

Wiki tatu baadaye nilichelewa kwenda kazini mjini. Saa tatu asubuhi, kwenye steji ya matatu za nambari 46, niliwakuta wavulana watatu wa shule yetu wakiwa na sare na mikoba. Mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani yangu anayeuza sukuma wiki.

"Mbona hamko shuleni?" nikauliza kwa ukali.

"Mama, tumetumwa pesa za ujenzi," akajibu huku ameinamisha kichwa.

Hiyo ilikuwa siku yake ya nne nyumbani. Asubuhi alikuwa akibeba mizigo sokoni ili amsaidie mamake kukamilisha mchango. Kisha akaniuliza swali lililonikata maini: "Na hizi siku, Mama, zitahesabiwa kwenye ile robo?"

Sikuwa na jibu. Niliingia matatu, tukapita Hurlingham, tukateremka Valley Road, na mpaka nashuka Kencom nilikuwa bado nalitafakari swali la yule kijana. Sisi ndio tuliomtoa darasani. Sisi ndio tuliokuwa tukijiandaa kumwadhibu kwa kutokuwa darasani.

Hebu nikueleze, msomaji, kwa nini jambo hili lilinigusa. Mwaka wa 1989 nilikuwa kidato cha pili. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu ripoti ya Kamunge ya 1988 na ule mpango wa wazazi kugawana gharama za elimu na serikali. Nilirudishwa nyumbani mara nyingi kwa sababu ya pesa za maabara. Nilibeba mawe na mchanga wa maabara hiyo kwa mikono yangu. Ilikamilika mwaka mmoja baada ya mimi kumaliza shule. Sikuwahi kushika hata kijiti cha kiberiti ndani yake.

Sisemi haya kwa kudharau harambee. Tangu uhuru mwaka wa 1963, shule nyingi za nchi hii zilijengwa kwa kuku, mbuzi na sarafu za wanyonge. Bila harambee, wengi wetu tusingejua kusoma. Lakini harambee ni moyo, na moyo haukusanywi kwa kumfungia mtoto lango.

Isitoshe, sheria iko wazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inaruhusu shule ya umma kutoza malipo mengine kwa idhini ya Waziri tu, baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na inakataza mtoto kuzuiwa kuhudhuria shule kwa sababu hajalipa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwalimu mkuu achunguze sababu ya mwanafunzi kutofika shuleni kabla ya kumwonya mzazi. Uchunguzi kwanza, hatua baadaye. Sisi tulikuwa tumeanzia mwisho.

Basi nikaomba kuiona rejista. Mwalimu wa darasa, mama mpole sana, aliifungua mezani tukaipitia pamoja muhula mzima. Nilitarajia kukuta majina ya watoro sugu. Walikuwepo, ndiyo, lakini wawili tu. Alama nyingine zilikuwa na hadithi zake.

Kulikuwa na siku ambazo karibu nusu ya darasa haikuwepo: hizo ni siku zilizofuata kusomwa kwa orodha ya wasiolipa. Kulikuwa na siku za mvua. Mvua ikinyesha Nairobi nauli hupanda, na wanaotembea kwa miguu kutoka Kangemi au Dagoretti huchelewa kwa sababu ya matope. Wakifika saa moja na dakika kumi hukuta lango limefungwa, kisha huandikwa kwamba hawakuja! Halafu kulikuwa na wasichana waliokosa siku mbili au tatu kila mwezi. Mwalimu alinitazama tu, akafunga kitabu. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Lakini sodo bila choo chenye komeo, na bila maji kwenye mfereji, itamsaidia nini msichana?

Nikiwa na habari hizo nilimwendea mchoraji ramani mmoja mwenye ofisi ndogo huko River Road. Nilimwambia tunataka ghorofa. Alicheka kidogo, akasema, "Mama, kabla ya ghorofa, niambie mna wasichana wangapi, wavulana wangapi, na maji mnayatoa wapi."

Alinieleza viwango vya serikali kwa shule: choo kimoja kwa wasichana 25, kimoja kwa wavulana 30, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia mtu kutoka. Alinikumbusha kwamba ramani lazima ipitishwe na serikali ya kaunti, na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kwa wale wenzetu waliotaka tumchukue fundi yeyote wa bei nafuu, alitaja tarehe moja tu: Septemba 23, 2019. Siku hiyo darasa liliporomoka katika shule ya Precious Talent huko Ng'ando, si mbali na kwetu, na watoto wasiopungua saba wakafa. Nililirudia jambo hilo mkutanoni na ukumbi ukanyamaza.

Mkutano huo wa pili haukuwa wa soda. Mweka hazina, mzee ninayemheshimu, alisimama akasema, "Mama, mtoto asiporudishwa nyumbani, mzazi hatoi hata ndururu. Nani atajenga?" Wengi walimshangilia. Nami sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa amebebeshwa mzigo wa kutafuta fedha ambazo hazipo. Nilimjibu kwamba mwenye deni ni mzazi, basi atafutwe mzazi. Mtoto si karani wa kukusanya madeni.

Baada ya saa tatu za mabishano, tuliamua hivi. Vyoo na tangi la maji kwanza. Maabara moja ifuate. Jengo la ghorofa lisubiri, na tuombe fedha za hazina ya maendeleo ya eneo bunge badala ya kuwakamua wauza mboga. Mchango uwe wa hiari, na asiye na pesa alete siku mbili za kazi. Lango lifungwe, lakini anayechelewa aingie, aandikwe amechelewa, si kwamba hakuja. Kwenye rejista iongezwe nafasi ya kuandika sababu. Mtoto akikosa siku moja tu bila habari, mzazi apigiwe simu siku hiyo hiyo. Ile kanuni ya robo ikafutwa.

Je, mambo yamekuwa mazuri yote? La, sitakudanganya. Mweka hazina alikuwa na haki kwa sehemu yake: pesa zimeingia polepole kama asali ya msimu wa kiangazi. Gredi ya 10 ilipowasili Januari 2026, maabara ilikuwa kuta tupu bila paa, na majaribio ya sayansi yalifanyiwa darasani juu ya madawati. Baadhi ya wazazi wananinunia, wanasema nimewacheleweshea maendeleo. Ninawaelewa. Lakini vyoo vipo, vina komeo, na maji yanatoka. Na yule mtoto wa jirani yangu yuko kidato cha nne. Kila asubuhi nikisubiri 46 ninampita akielekea upande wa pili, shuleni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tukijenga ukuta mpya huku tukiupanua ufa kwa mikono yetu wenyewe. Mzazi mwenzangu, siku watakapokuonyesha picha ya jengo jipya la shule yenu, lenye rangi na bendera, lisifu. Lakini kabla hujainua mkono, omba kwanza wakuonyeshe rejista.