Ikulu za Watemi: Kabla ya India, Pitia Bujora

MSOMAJI wangu, hebu tuambizane ukweli. Wangapi kati yetu tumekua na picha za Kihindi mpaka tunaijua Jaipur kuliko tunavyoijua Kishapu? Majumba yale ya rangi ya waridi, tembo waliopambwa, mfalme kajaa mikufu shingoni. Hapa Shinyanga ninao washikaji wanaoapa kwamba siku mambo yakinyooka, safari ya kwanza ni India kwenda kuyaona majumba hayo. Siwakatazi. Mimi nilipopata vijisenti vyangu nilipanda basi la Mwanza, nikaenda Bujora kwa watemi wetu.

Jamaa yangu mmoja anayehangaika na maduara ya dhahabu kule Nyarugusu, Geita, alicheka hadi akashika mbavu. "Yaani unatoa nauli kwenda kutazama ngoma na vigoda? Watemi gani hao hawakuacha hata jumba moja?"

Swali lake ni la dharau, lakini ni swali. Majumba yako wapi?

Kwanza, ikulu zilikuwepo. Wenzetu wa Dar es Salaam wakilitamka neno hilo wanaona geti la Rais na askari wake, lakini kwa Wasukuma na Wanyamwezi ikulu ni kwa ntemi tangu enzi na enzi. Sema zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Mchwa wanakula, mvua inamalizia. Tena mara nyingi ntemi mpya alijenga kwake, hakurithi kuta za aliyemtangulia. Ile ngome ya Isike kule Tabora, ambayo ilikuwa kubwa kweli kweli, ilikwisha kwa baruti: Januari 1893 Wajerumani walipoivunja na kuingia, Isike aliwasha baruti zake ndani. Ndiyo picha ya kihistoria hiyo, na hakuna aliyeicheza.

Halafu kuna mambo ya siasa. India ilipopata uhuru 1947, wafalme wake waliahidiwa posho ya serikali kila mwaka, wakaila mpaka 1971 ilipofutwa. Kufikia hapo majumba yalikuwa bado mikononi mwao, na mengine wakayageuza hoteli. Sisi tulipata Uhuru 1961, na 1963 sheria ikaufuta uchifu. Hata miaka miwili haikufika vizuri! Sisemi ilikuwa vibaya. Wako watemi walioonekana kama vibaraka wa Mwingereza, kazi yao kukusanya kodi na kuamrisha watu mashambani. Ila ukifuta cheo, na nyumba yake nani ataiezeka?

Chukua Usiha, hapa hapa Shinyanga. Ntemi wake Kidaha Makwaia, pamoja na Chifu Abdiel Shangali wa Uchagani, ndio walikuwa Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwaka 1945. Waulize vijana kumi pale stendi Kidaha ni nani. Watakutajia mtaa, au watakwambia ni mchezaji.

Sasa Bujora. Ni kilima pale Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, barabara ya Musoma. Aliyeanzisha makumbusho ni Padri David Clement, mzungu wa Canada, Mmisionari wa Afrika. Alifika miaka ya 1950, akajifunza Kisukuma, akakaa na wazee na kukusanya vitu ambavyo wenyewe tulikuwa tunaanza kuvionea haya. Alifariki 1986. Kinanichoma kidogo hicho, kwamba ilibidi atoke mtu Canada. Lakini shukrani yake apewe.

Jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ukiingia kuna ngoma za tawala mbalimbali za Usukuma, na hapo ndipo yule wa Nyarugusu angepata jibu lake. Kwa Wasukuma ngoma haikuwa ya burudani tu. Ngoma ndiyo utawala wenyewe. Wazee waliomchagua ntemi waliitwa banang'oma, watu wa ngoma. Zamani mtoto wa ntemi hakuwa na uhakika wa kurithi, maana kiti kilifuata upande wa mama, kwa mtoto wa dada. Na ukishakalia kiti usidhani umeula. Mvua ilikuwa juu yako. Ikigoma, banang'oma hao hao waliweza kukutoa. Niambie mfalme gani wa Jaipur aliyebebeshwa mzigo huo!

Pambo la ntemi halikuwa dhahabu, ingawa tumeikalia. Lilikuwa kisahani cha gamba la konokono wa baharini, kilichosafiri kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kwa miguu ya watu mpaka huku bara. Thamani yake ilikuwa umbali.

Na kito chetu cha kifalme kweli kweli hakipo Bujora wala Shinyanga. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson, mwenye mgodi, akampa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Ikakatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Malkia aliivaa miaka na miaka mpaka akafariki 2022. Mawe yetu yamepambia ufalme wa wengine, halafu tunaulizana watemi wetu waliacha nini.

Nilipomsimulia hayo yule jamaa yangu alinyamaza kidogo. Akauliza, "Ngoma zenyewe zinapigwa?" Zile za watemi zinakaa kimya, nikamwambia. Bulabo je, si ndiyo huko huko? Ndiko. Kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa Juni mara nyingi, Bagika na Bagalu hushindana kucheza na uwanja unafurika.

Wa Geita hamna kisingizio tena. Foleni ya pantoni ya Kigongo na Busisi imekwisha tangu daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025. Ukifika Mwanza tafuta daladala ya Kisesa, ukishuka chukua bodaboda mpaka kilimani. Beba hela ya kiingilio na ya mwongozaji, na umwache azungumze. Na kama unaogopa nyoka, siku ya Bulabo simama nyuma, maana wapo wachezaji wanaoingia nao uwanjani.