Barua kwa Mpwa Aliyenunua Nyumba Mlimani

Kibokoni, Mombasa

Kwa mpwa wangu azizi,

Sisi huku hatujambo. Mama yako magoti yamempumzisha kidogo tangu kaskazi ianze kuvuma, na ile kesi ya nyumba ya urithi ingali pale pale ulipoiacha. Siandiki kwa ajili ya hayo. Naandika kwa sababu ya habari niliyoipata kwa mama yako, naye kaipata kwako kwa simu, kwamba ile nyumba uliyonunua Vermont umeuziwa pamoja na gari kuukuu la plau la kusukumia theluji, na kwamba wewe, ukidhani umeokota dodo, umemwachisha kazi yule mzee aliyekuwa akiisafisha njia ya kupandia nyumbani hapo tangu zama za mwenye nyumba wa kwanza, ili ujira wake usalie mfukoni mwako. Mama yako alinisimulia kwa fahari. Mimi usingizi uliniruka.

Njia hiyo naijua. Nilikaa jimbo hilo tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu, na nikienda kazini nilikuwa nikiipita pale chini inapokutana na barabara: imepanda kwa ukali, ikapinda kushoto penye ule mti mkubwa unaokamuliwa utomvu wa sukari, kisha ikainuka tena mpaka ukumbini, na jambo ambalo dalali wako hakukwambia, kwa kuwa dalali hakuumbwa kwa kazi hiyo, ni kwamba mteremko mzima umeelekea kaskazini. Wenzako wa ng'ambo ya bonde huliachia jua nusu ya kazi. Kwako jua la Januari hupita nyuma ya nyumba lisiiguse njia, na theluji ya Desemba ukiipuuza utakutana nayo Machi imekuwa mwamba.

Utanijibu, maana nakujua, kwamba u kijana, kwamba gari lavuta kwa magurudumu yote manne, na kwamba theluji ni maji tu. Maji ndiyo, lakini tupige hesabu. Njia ya urefu wa mita 60 na upana wa mita 3, ikifunikwa na theluji ya sentimita 30, ina mita za ujazo 54. Ikiwa ni ile kavu na nyepesi ya katikati ya kipupwe, hizo ni kama tani 5, na ile nzito ya Machi iliyokunywa maji yaweza kufika mara tatu ya hizo. Uwanja sawa ungekuwa na shida ya kuondoa mzigo huo basi. Penye mteremko kuna shida iliyo kubwa zaidi, nayo ni kujua kitu gani kitakachokuzuia wewe na chombo chako msiondoke pamoja nao.

Nitakupa kisa, nawe kisome hadi mwisho. Tarehe 14 Februari 2007, siku ya dhoruba iliyoiachia Burlington theluji ya zaidi ya sentimita 60, nilikuwa na jirani, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mzaliwa wa mlima ule yeye na baba zake, ambaye lau ungemwambia hajui kuendesha plau angekudhania umerukwa na akili. Siku hiyo alichelewa kwa ajili ya ng'ombe aliyekuwa akizaa, na wakati yeye yumo zizini gari la mkewe na la mwanawe yalikwisha kupanda na kushuka, yakaishindilia theluji ya chini ikawa ngumu na yenye kung'aa. Alipotoka akasukuma kutoka chini kwenda juu, jambo ambalo yule mzee uliyemwachisha halifanyi ila kwa dharura, maana yeye huja mara mbili tatu katika dhoruba moja, theluji ikiwa bado haijawa nyingi, akapanda hali plau limeinuliwa, kisha akashuka akisukuma, mlima ukimsaidia. Jirani yangu alifika nusu ya njia, chungu ya theluji mbele yake ikamshinda, akaliinua plau na kurudi kinyumenyume akitazama begani. Plau likiinuka uzito huegemea magurudumu ya mbele, ya nyuma yakabaki mepesi, na mifuko ya mchanga ambayo ada ni kuipakia nyuma ya gari hakuwa ameipakia. Alipokanyaga breki magurudumu yalisimama, gari halikusimama. Likateremka naye, likaiacha njia penye kona, likaingia mtaroni ubavu, mlango wa dereva ukakandamizwa na lundo la theluji na bomba la moshi likafukiwa. Naye, kwa kuwa baridi ilikuwa kali, akaiacha injini iendelee ili apate joto. Hapo ndipo mauti yalipokuwa yakimngojea. Maana moshi uliokosa pa kutokea huingia ndani ya gari, na ile kaboni monoksidi iliyomo haina rangi wala harufu, humlaza mtu naye akidhani ni uchovu wa kazi. Mkewe akiwa dirishani jikoni aliziona taa hazisogei. Akateremka na beleshi, na kabla hajaugusa mlango akaanza kulifukua bomba. Mimi nilifika nikamkuta mume kaketi juu ya theluji, anatapika, na baina ya tapiko na tapiko anauliza habari za ndama.

Wanakijiji walilaumu breki, wengine mifuko ya mchanga. Kwa rai yangu kilichomponza ni saa. Theluji isiyokanyagwa na gurudumu huondoka kwa radhi. Ikishakanyagwa huwa barafu, na hapo hata fundi huwa abiria. Wewe watoka kazini Magharibi ya huko imeshaingia. Utaisafisha lini kabla hujaikanyaga? Wala usiniambie umeshaizoea. Wilson Bentley wa Jericho, jimbo lilo hilo, alianza kuzipiga picha chembe za theluji mwaka 1885, akazipiga kwa maelfu, hakuna aliyeichungulia kwa karibu kuliko yeye. Na mwaka 1931 alitembea kwa miguu kurudi nyumbani katika dhoruba, nimonia ikamchukua.

Kwa hiyo mrudie yule mzee kwa adabu, umwambie ulipitiwa, na gari la plau uliuze. Ujira wake usiuhesabu kuwa wa theluji peke yake: mtu huyo ndiye atakayeona alfajiri kwamba dohani yako haitoi moshi, akaja kugonga mlango. Kwa theluji ndogo, na kwa mbele ya mlango, tumia mashine ya kusukuma kwa mikono, ile yenye parafujo ya kukusanya na pangaboi ya kurusha, uivishe minyororo magurudumuni. Usikate nayo mteremko kwa ubavu, na kwa kuwa njia yako ni ya kokoto, viatu vyake vya chuma viteremshe ili parafujo ikae juu kidogo, la sivyo utavipiga mawe vioo vyako mwenyewe. Ikiziba, zima injini, ngoja visimame vyote, kisha zibua kwa mti, kamwe si kwa mkono, maana parafujo iliyokabwa huweza kujizungusha hata injini ikiwa imezimwa, na vidole havina vipuri.

Chomeka fito za kuonyesha kingo za njia kabla ardhi haijaganda. Theluji ya kwanza itupe mbali, kwani kuta za kando hazitasogea tena. Usiivushe barabara ya umma. Sheria ya Vermont yakataza. Chumvi ya kawaida nguvu huiishia baridi ikipita takriban nyuzi 9 chini ya sifuri, fauka ya hayo kisima chako ki chini ya njia, basi nunua mchanga. Mabomba ya maji moto chini ya lami waachie matajiri wa Stowe. Na usiku wa dhoruba gari lilaze chini karibu na barabara, upande kwa miguu, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, nisikose kazini hata siku moja kwa ajili ya theluji.

Kupanda kwa miguu, nasema, jambo ambalo ninyi jamaa zangu wa Boston liliwashinda, mkaja siku ya Idi mkaliacha sinia la biriani chini penye sanduku la barua, mkapiga honi, mkaenda zenu, na njia nilikuwa nimekufagilieni mpaka kokoto zaonekana.

Mashine usinunue. Yangu iko bandani kwa kaka yako. Aliiazima kwa wiki moja nilipokuwa nafunga safari ya kurudi huku. Kaichukue, pamoja na ule mti wa kuzibulia uliofungwa kwa waya kwenye mpini. Akidai kwamba ni yake, usigombane naye, nijulishe tu. Risiti ya dukani ninayo hapa sandukuni.

Wasalaam,
Mjomba wako