Kinyonga kwenye michongoma

Nimekuwa kimya tangu mvua ianze, na leo siandiki kuhusu programu. Au labda kidogo tu.

Mwaka jana, kila jioni nikitoka kazini Thika, nilishuka Ruiru na kutembea dakika kumi hadi nyumbani. Dakika hizo sikuwahi kuziona. Macho kwenye simu, muziki masikioni, akili bado iko kwenye seva. Siku moja watoto watatu walikuwa wakirusha mawe kwenye ua wa michongoma. Niliwaona kwa pembe ya jicho. Nikapita.

Asubuhi nikamkuta chini: kinyonga, pembe tatu usoni, tumbo limepasuka, mkono mmoja bado umeshika kijiti.

Kinyonga hana sumu wala hafukuzi mtu. Ila wazee husimulia kwamba Mungu alimtuma atuambie hatutakufa, naye akachelewa njiani. Basi tunamlipiza kwa mawe. (Mimi mwenye digrii yangu ya kompyuta nilikuwa nikimwogopa pia, tusidanganyane.)

Kilichoniuma si mawe ya watoto. Mimi hulipwa mshahara kwa kutazama! Napitia programu mstari kwa mstari hadi nione nukta iliyokosekana. Na bado nilipita.

Sikuokoka upya, wala sikununua mkeka wa yoga. Niliamua tu kwamba dakika hizo kumi simu inakaa mfukoni. Navuta pumzi, nazihesabu hadi kumi, kisha natazama. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso, mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe. Baadaye nikaanza kuona: kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua, chozi akinywa kwenye ua la mgomba.

Mchana nikiwa Thika hula chapati yangu Mugumo Gardens. Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa mugumo wa hapo ukianguka, utawala wa Waingereza utakwisha. Wakoloni wakauimarisha usianguke, ukaanguka vivyo hivyo mwaka 1963. Watu hupenda sehemu hiyo ya utabiri. Mimi humfikiria zaidi Wangari Maathai, ambaye utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo kwa sababu ni mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye, akiwa mwanasayansi, ndipo alipoelewa jinsi mizizi yake inavyoshika udongo na kulinda chemchemi. Heshima ilitangulia, maelezo yakafuata. Sisi wa kompyuta tumezoea kinyume chake.

Wiki iliyopita, michongoma ile ile, watoto wale wale.

"Anko, huyu ni wa shetani!"

Niliokota kijiti, moyo ukinidunda, nikamwekea mbele. Akapanda polepole, jicho moja likinitazama mimi, lingine likiwaangalia wao. Nikawaonyesha hilo. Mdogo wao akadondosha jiwe akauliza, "Anakula nini?" Tukachuchumaa pale hadi nzi akatua karibu, na ule ulimi... mayowe waliyopiga!

Tatizo ni mama wa mboga, aliyekuwa akituangalia kutoka kibandani. "Wewe kijana, hiyo kitu usilete karibu na sukuma yangu." Tangu siku hiyo hanikopeshi.