Diana Anapovua Koseti

Mimi ni fundi wa mavazi ya jukwaani. Nashona, nafumua, na nyuma ya pazia nawavalisha waigizaji. Kazi yangu imeniingiza ndani ya Diana of Dobson's, tamthilia ya Cicely Hamilton iliyochezwa mara ya kwanza London mwaka 1908. Pazia likifunguka tu, wasichana wa duka la vitambaa wanavua nguo kwenye bweni la mwajiri wao, tayari kulala.

Waigizaji wachanga hulichukulia tukio hilo kama kichekesho cha chupi. Nawaambia wapunguze mikono: aliyesimama dukani kutwa hafungui koseti kwa mbwembwe, akishalegeza kamba, anahema kwanza. Ni sketi, gagulo, koseti, soksi ndefu, na huku wanavua wanalalamikia ujira na faini. Mmoja wao ana mchumba, naye ndiye mwenye bahati, maana ataliaga bweni. Sheria ya 1882 ilikwisha kumruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe, lakini kwa mshahara ule, mali gani?

Diana, mmoja wa wasichana hao, anarithi pauni 300, anazitapanya kwa magauni na hoteli ya Uswisi. Mwili ni uleule, nimebadilisha kitambaa tu, na tayari tajiri mwenye maduka anamposa. Hapo ndipo ninapomwelewa Hamilton kuliko popote. Mwaka mmoja baada ya tamthilia hiyo kuchezwa, alichapisha kitabu cha Marriage as a Trade, akadai kwamba ndoa kwa mwanamke ilikuwa ajira, tena ajira inayoshusha ujira wa kazi nyingine zote, kwa sababu mwajiri anahesabu kuwa yupo baba au mume wa kujazia. Yeye mwenyewe hakuolewa.

Mwisho wa tamthilia, Diana anakubali kuolewa, na wengi humlaumu Hamilton kwa hilo. Mimi namtetea, ila kwa sharti la koti. Bwana arusi, Kapteni Bretherton, aliona pauni 600 kwa mwaka hazimtoshi. Diana akamtaka ajaribu kujitafutia riziki. Tunamkuta hohehahe kando ya mto Thames. Koti lake nalisugua viwiko kwa msasa, nalichovya kwenye chai ya rangi, nang'oa vifungo viwili. Waongozaji wengine huniomba nisilichakaze sana, eti bwana arusi apendeze.

Huwa nakataa.