Siku tuliyokwenda kuwaaga ndege wa Mida

Msomaji mpendwa, je, umewahi kuishi karibu na kitu miaka na mikaka bila kukitazama hata siku moja? Mimi naishi Mombasa tangu nilipoolewa mwaka wa 1998, na bahari naiona kila asubuhi nikivuka daraja la Nyali kwenda kazini Kongowea. Lakini ungeniuliza ni ndege gani hutembea ufuoni maji yanapokupwa, ningekujibu kwamba ndege ni ndege, bora asininyee kichwani. Nilivuliwa ujinga huo Jumapili moja katikati ya Aprili 2025, na siku hiyohiyo nikavuliwa na jambo jingine zito zaidi. Hebu nikusimulie.

Sisi ni wanawake wanne wenye chama kidogo cha kuweka na kukopa. Mmoja huuza mitumba ya watoto, wa pili huuza viazi na vitunguu, nami ni fundi cherehani na ndiye mweka hazina. Wa nne ni shoga yangu wa siku nyingi. Nitamwita Zuhura, ingawa hilo silo jina lake.

Mwanzoni mwa mwaka huo biashara ya leso ya Zuhura ilikuwa imekauka. Akaomba chama kimkopeshe Sh60,000. Kanuni yetu inasema mtu hakopi zaidi ya mara mbili ya akiba yake, na akiba yake ilikuwa Sh18,000. Mimi ndiye niliyefungua daftari na kuisoma kanuni hiyo mbele ya wote. Hakugombana wala hakulia. Alijifunga leso yake vizuri, akaaga, akaondoka.

Miezi miwili baadaye alituambia amepata kazi ya nyumbani kule Muscat, mkataba wa miaka miwili. Kisha akanivuta kando na kuniuliza kama ningeweza kukaa na binti yake wa miaka 9. Nikamwambia, "Nipe nafasi nifikirie." Wiki tatu zikapita ningali nafikiria. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimkwepa. Nikimwona anakuja upande wa cherehani yangu, mguu wangu ulikuwa ukizidi kukanyaga pedali.

Wazo la kwenda Mida lilitoka kwa muuza viazi, ambaye kwao ni karibu na Gede. "Jamani, Zuhura anaondoka wiki ijayo," akasema. "Twende tule pamoja, tutazame ndege. Mwezi wa nne nao wanasafiri." Tulimcheka. Watu wazima na akili zetu tutoke Mombasa kwenda kutazama ndege? Lakini nani angekataa?

Tulipanda matatu ya Malindi alfajiri tukiwa na mahamri, mbaazi za nazi na chupa mbili za chai ya tangawizi. Tukapita Mtwapa, tukavuka daraja la Kilifi, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke ukatuandama ubavuni hadi tuliposhuka Mida. Zuhura alikaa dirishani. Mimi nilichagua kiti cha nyuma kabisa.

Pale tulipokewa na kijana wa Kigiriama mwenye darubini shingoni. "Mmebahatika, mama zangu," akasema. "Leo ni bamvua."

Kwa msomaji wa bara, bamvua ni maji makubwa, yale yanayokuja mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Siku hizo bahari hupwa sana na kujaa sana. Huku kwetu hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, umezungukwa na mikoko, na maji yakitoka hubakia uwanja mpana wa tope na mchanga. Huo ndio mkahawa wa ndege. Maji yakianza kurudi, huwasukuma ndege kidogokidogo hadi karibu na mtazamaji.

Ili kufika huko, sharti upite daraja jembamba la mbao linaloning'inia kwa kamba katikati ya mikoko. Mimi ni mtu wa kilo zangu, na daraja lile lilicheza kila nilipopiga hatua. Muuza mitumba alikuwa nyuma yangu akisoma dua kwa sauti. Kijana alitutuliza kwa kutuonyesha mambo. Mkoko wenyewe, akasema, ni mti wa ajabu, kwani mbegu yake haianguki ikiwa mbegu. Huota ingali imening'inia juu ya mama yake, ikarefuka kama penseli nene, na ndipo huachia na kuanguka topeni ikiwa tayari ni mche. Chini yetu kulikuwa na samaki wadogo wanaotembea juu ya tope kwa mapezi, na kaa madume wenye gando moja kubwa kupita kiasi, wakilipunga juu na chini kama makanga anayeita abiria.

Alitueleza pia kwamba kiingilio tulicholipa kinasaidia mfuko wa karo uitwao ASSETS, ulioanzishwa 2001 na shirika la A Rocha Kenya kwa ajili ya watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na mkono huu wa Mida. Maana yake ni kwamba mti ukisimama na ndege akija, mtoto wa mtu anasoma. Zamani, akasema, boriti za mikoko ya pwani yetu zilipakiwa kwenye majahazi hadi Uarabuni, na kuziuza nje kulipigwa marufuku mwaka wa 1982.

Mwisho wa daraja kuna kibanda cha kujificha. Nilipoiweka darubini machoni mara ya kwanza niliona kope zangu tu. Mara ya pili, msomaji, nilipigwa na butwaa. Uwanja ule niliodhani ni mtupu ulikuwa umejaa! Walikuwepo heroe wachache, wale ambao wengi wetu huwaita flamingo, wamesimama mbali kama maua. Walikuwepo sululu wenye mdomo uliopinda kama mundu. Na walikuwepo vitwitwi kwa mamia, wakishona tope kwa midomo yao haraka kuliko cherehani yangu.

"Tazameni vifua vyao," kijana akasema. "Desemba walikuwa wa kijivu. Sasa wengine wamegeuka rangi ya matofali." Hao, akatueleza, wanavaa nguo za harusi. Wanakula mchana na usiku ili waweke mafuta mwilini, kisha wanaruka hadi kaskazini kabisa mwa Urusi, huko Siberia, ambako theluji inaanza kuyeyuka na wadudu ni tele. Wanataga na kulea upesi, kisha hurudi. Ndege asiyefikia uzito wa mkate mdogo! Mimi nikienda Voi tu nalalamika mgongo.

Kisha akatuonyesha membe. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene kama nyundo, kwa kuwa chakula chake ni kaa. Walikuwa makumi kadhaa, wamesimama wote wakielekea upande mmoja kama watu walio kwenye foleni ya benki.

"Wengi wameshaondoka, na hawa watafuata," akasema. "Wanakwenda kuzaa pwani za Omani, Falme za Kiarabu, Uajemi na huko Somalia."

Aliposema Omani sote tulinyamaza. Zuhura ndiye aliyevunja kimya. "Na hao nani kawapa viza?" Tukacheka mpaka vitwitwi wakaruka.

Kijana, bila kujua kilichokuwa vifuani mwetu, aliendelea. Membe huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja tu. Joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kifaranga akitoka hawezi kutembea sawasawa, hukaa shimoni akiletewa kaa na wazazi wake. Wanaporudi huku Septemba na Oktoba, wazazi huja na mtoto wao, na hata akiwa ameruka bahari nzima kwa mbawa zake mwenyewe, akifika Mida bado huwafuata akilia apewe chakula. Nao humpa.

Tulitandika leso ukingoni pa mchanga, tukala. Muuza viazi na muuza mitumba walijitia kwenda kutafuta kome, na mpaka leo naamini walifanya kusudi. Nikabaki na Zuhura na chupa ya chai.

Nilianza kwa kuzunguka, kama tufanyavyo watu wenye hatia. Nikamwambia kwamba hata membe huenda Uarabuni na akarudi, basi asiwe na wasiwasi. Alinitazama. "Usinifananishe na ndege, dada. Membe anakwenda kuzaa, na anarudi na mtoto wake. Mimi wangu namwacha hapa."

Sikuwa na jibu. Ndipo nikamwambia lile ambalo sijamwambia hata mume wangu. Siku ile niliyosoma kanuni, nilikuwa na Sh25,000 zangu binafsi kwenye simu. Kanuni ya chama ilikuwa sawa, lakini hakuna kanuni iliyonizuia kumfuata nje na kumuuliza, "Shoga, una shida gani hasa?" Nilijificha nyuma ya daftari.

Zuhura alimimina chai, akanipa kikombe. "Nilijua unazo," akasema. "Ulikuwa umenionyesha kitambaa ulichotaka kununua. Ndiyo maana sikukuomba pesa tena, nikakuomba umchukue mtoto. Pesa unaweza kuninyima. Mtoto najua huwezi kumnyima chakula."

Msomaji, nimewahi kutukanwa sokoni na nikajibu. Maneno yale sikuweza kuyajibu, kwa kuwa yalikuwa lawama na sifa kwa pamoja. Machozi yalinitoka, nikasingizia jua.

"Mlete Jumatano," nikasema. "Aje na sare zake."

Hapo tulisikia mayowe. Maji yalikuwa yamegeuka, nasi hatukuangalia. Leso ilikuwa imelowa nusu, na kandambili moja ya muuza mitumba ilikuwa ikielea kuelekea kwenye mikoko. Kijana alikuja mbio. "Mama zangu, bamvua haibishi hodi!" Tulikusanya vyombo na kurudi kibandani, na ndipo tukapata zawadi yetu. Maji yaliwafukuza ndege wote hadi mbele yetu kabisa, karibu kiasi cha kumwona membe akimpiga kaa kwa ule mdomo wake, akimbwaga na kumwokota. Jua lilipoanza kulala kundi la vitwitwi likainuka, likageuka hewani mara mbili, likanyooka kuelekea kaskazini. Kijana alisema huenda ndiyo safari yenyewe. Pepo za kusi zilikuwa zimeanza, zile zile zilizokuwa zikiyarudisha majahazi Uarabuni. Hatukusema kitu hadi walipokuwa vumbi.

Wiki ile hatukukaa tu na huzuni. Tulihakikisha kwamba wakala wa Zuhura amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tuliusoma mkataba mstari kwa mstari, tukapiga nakala zake na za pasipoti, na nakala moja iko kabatini mwangu. Kama una ndugu anayekwenda huko, nakusihi ufanye hivyo, na mkubaliane siku ya kupigiana simu kila wiki. Nasi tukaongeza kanuni nyingine katika daftari la chama: kabla ombi la mkopo halijakataliwa, mweka hazina sharti amtembelee mwombaji nyumbani kwake.

Mtoto alikuja Jumatano kama tulivyoagana. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza alikuwa akila huku amegeukia ukuta. Wa pili akaanza kuniita mama mkubwa. Usiku mwingine bado hulia, nami nimejifunza kutomwambia anyamaze.

Mwishoni mwa Oktoba, shule zilipofungwa, nilimpeleka Mida. Safari hii nilivuka daraja la kamba bila dua. Membe walikuwa wamerudi. Miongoni mwao tulimwona mmoja mwenye mgongo wa kijivujivu, akimfuata mkubwa wake hatua kwa hatua akipiga mluzi mwembamba usiokoma. Mkubwa alimvumilia kidogo, kisha akampa kaa. Binti aliishika darubini muda mrefu. Halafu akaomba simu yangu ampigie mama yake picha.

Picha ilitoka vibaya, madoa meupe juu ya tope. Jioni Zuhura akajibu kutoka Muscat, "Naona madoa tu. Mtoto ni yupi?"

Binti akashika simu kwa mikono miwili, akarekodi sauti. "Yule wa mwisho, mama. Yule anayelia. Lakini ameshapewa."

Msomaji, nauli ya Mida si kubwa, na ndege hawadai mkopo. Nenda mwezi wa nne kuwaaga au wa kumi kuwapokea, siku za bamvua, na viatu vyako uviangalie. Na kama kuna mtu aliyekuomba jambo nawe ukamwambia unafikiria, mjibu wiki hii. Mimi nilikawia wiki tatu, na zile wiki tatu Zuhura angeweza kuzilala kwa amani.